Hesabu ya Haki: Mahubiri ya Sikukuu ya Mathia Mtume



Kila ifikapo tarehe 24 Februari twamkumbuka Mathia Mtume, na kila mwaka twasoma habari ile ile ya sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Yuda ameanguka na nafasi yake i wazi. Watu wapatao mia na ishirini wamekutanika. Petro anasimama katikati yao na kueleza ni mtu wa namna gani atakiwaye: awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hata siku ile Bwana alipochukuliwa juu. Wanapatikana wawili wenye sifa hizo. Wanaomba, wanapiga kura, na kura inamwangukia Mathia. Tangu hapo yumo katika hesabu ya Mitume.

Sisi tunaohubiri tumezoea kumsifu Mathia. Mwaka huu twaomba ruhusa tumtazame yule mwingine. Aliitwa Yusufu, tena Barsaba, tena Yusto. Majina matatu alikuwa nayo, na Mathia moja tu; lakini baada ya siku ile Maandiko hayamtaji tena Barsaba. Hakufanya kosa. Hakupungukiwa na sifa hata moja, kwa maana kama angepungukiwa asingesimamishwa. Hatusomi kwamba alinung'unika, wala hatusomi kwamba alishangilia. Alishindwa tu, na habari ikaendelea bila yeye. Sijui ni wangapi kati yetu wamewahi kumwombea mtoto wao jina la Barsaba wakati wa ubatizo! Mathia wako wengi.

Basi tulipokuwa tukimfikiri mtu huyu, ilitujia habari ya uchaguzi mmoja uliofanyika mbali sana na kwetu, huko Marekani, mwaka 2004. Mtatuuliza, ya nini kwenda mbali hivyo? Twaenda mbali kwa makusudi. Mhubiri akisema juu ya uchaguzi wa karibu, kila msikilizaji hutafuta kwanza kama mtu wake anasifiwa au analaumiwa, na masikio hufungwa kabla ya sentensi ya pili. Katika uchaguzi huu hatuna mjomba wala shemeji aliyegombea. Tunaweza kuutazama kwa macho makavu.

Ulifanyika katika jimbo la Washington. Si ule mji wa Washington anakokaa Rais, ambao uko mashariki. Jimbo hili liko magharibi kabisa, kando ya Bahari ya Pasifiki. Mji wake mkubwa ni Seattle, na makao ya serikali yake ni Olympia. Milima ya Cascades imeligawa jimbo pande mbili. Upande wa bahari kuna mvua na miji mikubwa. Ng'ambo ya milima ni nchi kavu zaidi, yenye mashamba ya ngano na matofaa. Siasa nayo imegawanyika karibu vile vile, kwa kuwa watu wa Seattle wengi hupenda chama cha Democratic, na watu wa ng'ambo ya milima wengi hupenda chama cha Republican.

Marekani ni muungano wa majimbo hamsini, na kila jimbo lina serikali yake. Kwa hiyo mpiga kura wa Washington, Jumanne ile tarehe 2 Novemba 2004, alikuwa na karatasi ndefu mbele yake. Alimchagua Rais pamoja na Makamu wake, na Seneta mmoja, na mjumbe wa Bunge la nchi: hao ni wa serikali ya shirikisho. Kisha akatakiwa kuchagua wa jimbo lake: gavana, makamu wa gavana, katibu wa jimbo ambaye ndiye asimamiaye uchaguzi, mtunza hazina, mkaguzi wa hesabu, mwanasheria mkuu, msimamizi wa elimu, na wengine, hata wajumbe wa bunge la jimbo. Mtu asiye na subira huchoka kabla ya kufika chini.

Mengi katika karatasi ile yalijulikana upesi. Katika jimbo lile John Kerry alimshinda George W. Bush, ijapokuwa katika nchi nzima Bush ndiye aliyepata. Seneta Patty Murray alirudishwa katika kiti chake. Lililobaki ni gavana. Gary Locke alikuwa amemaliza vipindi viwili, naye hakugombea tena. Waliosimama mbele ya watu walikuwa hasa wawili: Christine Gregoire wa chama cha Democratic, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na Dino Rossi wa chama cha Republican, aliyekuwa amekaa katika seneti ya jimbo, na kazi yake ilikuwa biashara ya nyumba na viwanja. Alikuwako na wa tatu, Ruth Bennett, wa chama kidogo. Tutamtaja tena mara moja tu.

Hapa inafaa mwelewe jinsi kura zilivyopigwa, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yametoka hapo. Kura nyingi zilipigwa kwa posta. Mtu aliletewa karatasi nyumbani, akaijaza mezani pake, akaitia katika bahasha, akatia sahihi yake juu ya bahasha, akaipeleka posta. Ilitosha bahasha iwe na mhuri wa posta usiopita siku ya uchaguzi, ndiyo maana bahasha ziliendelea kufika siku nyingi baada ya vituo kufungwa. Zilipofika, karani alilinganisha sahihi ya bahasha na sahihi ambayo mtu huyo aliiweka zamani alipojiandikisha. Zikifanana, kura huhesabiwa. Zisipofanana, huwekwa kando.

Kura za kiti cha gavana zilikuwa zaidi ya milioni 2.8. Kaunti zote 39 zilipomaliza kuhesabu tarehe 17 Novemba, Rossi alikuwa mbele kwa kura 261.

Fikirini, ndugu. Katika milioni mbili na laki nane, tofauti ni ya watu wanaoweza kuketi ndani ya kanisa letu Jumapili ya Pasaka, na nafasi ya wageni ikabaki.

Sheria ya jimbo yadai kura zihesabiwe tena kwa mitambo tofauti inapokuwa ndogo namna hiyo. Zikahesabiwa tena, na Rossi akawa mbele kwa kura 42. Tarehe 30 Novemba Katibu wa Jimbo, Sam Reed, akatia sahihi yake kwamba Rossi ndiye aliyechaguliwa. Rossi akaitwa gavana mteule, akaanza maandalizi ya kushika kazi. Lakini sheria ile ile yakiruhusu chama kilichoshindwa kuomba hesabu ya tatu, karatasi moja moja kwa mikono ya watu, mradi kiweke gharama yake kwanza. Chama cha Democratic kikaweka dola 730,000. Ikawa katika siku za Majilio, wakati Wakristo wa huko wakiwasha mishumaa ya kumngojea Bwana, watu wa kaunti zote 39 wakaketi tena mezani na kuanza kuhesabu upya.

Sasa sikilizeni habari ya mtu mmoja. Katika Kaunti ya King, ndiko uliko mji wa Seattle, mwenyekiti wa baraza la kaunti alikuwa Larry Phillips. Mwezi ule wa Desemba alikuwa akipitia orodha ya watu ambao kura zao za posta zilikataliwa kwa sababu ya sahihi. Akashuka na orodha, jina baada ya jina, akakuta jina lake mwenyewe. Alikuwa na hakika kwamba aliijaza karatasi yake na kutia sahihi kama ipasavyo. Akauliza. Walipochunguza, wakaona kwamba hakuwa peke yake: kura 573 ziliwekwa kando kwa kuwa sahihi za wenyewe hazikuonekana katika kompyuta. Makarani walipaswa kwenda kuitafuta kadi ya karatasi ambayo mtu aliijaza siku ya kujiandikisha. Hawakwenda. Baadaye zikaonekana na nyingine za namna hiyo, zikawa 735 kwa jumla.

Habari hii tumeisoma mara nyingi, na kila mara inatufurahisha na kututia hofu pamoja. Inatufurahisha kwa sababu kosa lilionekana. Inatutia hofu kwa sababu aliyeliona alikuwa mkubwa. Yeye angeweza kuuliza na watu wakasimama kumjibu. Je, kama majina yote 573 yangekuwa ya wafagiaji wa hospitali na wazee wasiotoka nje ya nyumba zao, nani angepita katika orodha ile polepole hivyo? Hakuna aliyewaonea watu hao kwa chuki. Hakuna aliyeiba. Karani mmoja aliona kazi ya kwenda kabatini ni kubwa kuliko kura ya mtu mmoja, na siku iliyofuata akaona vile vile, na hesabu ikajaa. Haba na haba hujaza kibaba, na uzembe nao hujaza kibaba.

Bwana wetu alisimulia habari ya mchungaji mwenye kondoo mia, nanyi mwaijua kutoka Luka 15. Twapenda kusema juu ya kutafuta, na juu ya mabega yaliyombeba kondoo yule. Lakini angalieni kilichotangulia. Mchungaji alijua kwamba mmoja hayupo. Alijuaje? Alihesabu. Jioni ile, akiwa amechoka, pengine mvua inanyesha, alisimama mlangoni pa zizi akahesabu hata mwisho, wala hakusema, tisini na tisa ni karibu na mia. Mchungaji asiyehesabu haendi kutafuta, na kondoo hupotea bila kilio chochote nyumbani.

Lakini upande wa pili nao usikilizwe, kwa maana tumesema tutatazama kwa macho makavu. Jitieni katika nafasi ya watu wa Rossi. Mtu wao amehesabiwa mshindi mara mbili. Wiki sita zimepita. Ndipo wanaambiwa kwamba kura nyingine mia kadhaa zimeonekana, na zimeonekana hasa katika kaunti impendayo mpinzani wao. Nani kati yetu asingeshuku? Walikwenda mahakamani, wakapata kwanza amri ya kuzizuia. Kisha majaji wa mahakama ya juu ya jimbo, wote kwa neno moja, tarehe 22 Desemba wakasema kura hizo zaweza kuchunguzwa, na zilizo halali zihesabiwe. Kushuku kwao hakukuwa dhambi. Dhambi ingekuwa kukataa jibu lililotolewa baada ya swali lao kusikilizwa.

Hesabu ya tatu ikamalizika kabla ya Noeli. Gregoire kura 1,373,361. Rossi kura 1,373,232. Tofauti 129.

Twataka kusimama kidogo hapa kwa ajili ya Sam Reed. Yeye alikuwa mtu wa chama cha Republican, ndicho chama cha Rossi. Mwisho wa Novemba alitia sahihi kwamba mwenzake wa chama ameshinda, na hapana shaka ilikuwa sahihi nyepesi. Tarehe 30 Desemba akatia sahihi nyingine, kwamba Gregoire ndiye aliyechaguliwa. Watu wengi wa chama chake walimkasirikia. Walitaka awe mtu wao. Yeye alikuwa ameapishwa kuwa mtu wa jimbo. Tumewahi kuhubiri hapa juu ya Mithali 11, jinsi Bwana anavyochukia mizani ya udanganyifu, na daima tumewaelekezea kidole wauza nyama na wauza sukari. Kumbe na sanduku la kura ni mizani. Na mizani haijulikani kuwa ya haki siku ile inapompendeza mwenye duka. Hujulikana siku inapomtia hasara.

Mambo hayakuishia hapo. Gregoire aliapishwa tarehe 12 Januari 2005, na Rossi akafungua kesi akiomba uchaguzi ule ubatilishwe. Kesi ikasikilizwa mwezi wa Mei mjini Wenatchee, ng'ambo ya milima, katika nchi ya matofaa, mbele ya Jaji John Bridges. Humo mahakamani mambo ya aibu yalitolewa nje. Ilionekana kwamba watu waliohukumiwa kwa makosa makubwa, ambao haki yao ya kupiga kura ilikuwa haijarudishwa, walipiga kura. Nyingine zilipigwa kwa majina ya marehemu. Wengine walipiga mara mbili. Wengine walitia karatasi zao katika mtambo kabla hazijachunguzwa. Jaji alipojumlisha alipata kura haramu 1,678, yaani mara kumi na tatu ya ile tofauti ya 129.

Mtu angesema, basi shauri limekwisha, uchaguzi ufutwe! Lakini sheria ilitaka ithibitishwe kwamba kura hizo ndizo zilizobadili matokeo. Ndipo mawakili wa upande wa Rossi walipoleta hoja ambayo twawaomba muisikie vizuri. Walisema: nyingi za kura hizi haramu zilipigwa katika mitaa ipendayo chama cha Gregoire, basi tuzigawe kwa kadiri kila mtaa ulivyopiga, na yeye apunguziwe fungu kubwa. Kwa hesabu ya shuleni yasikika vema. Jaji akakataa. Kwamba mtu anakaa mtaa fulani si ushahidi wa alichofanya yeye mwenyewe alipokuwa peke yake na karatasi yake. Huwezi kumhukumu mtu kwa kura ya jirani zake.

Hebu tukubali, ndugu, kwamba hoja ile iliyokataliwa na jaji ndiyo tuitumiayo sisi kila siku. Huyu ni wa ukoo ule, twajua moyo wake. Huyu ametoka kijiji kile, twajua alimpigia nani. Yule mama anauza mboga karibu na nyumba ya mgombea fulani, basi tusinunue kwake. Na tusidhani kwamba ni maneno ya barazani tu. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na wako waliouawa bila mtu kuwauliza walimpigia nani; jina lao na lugha yao vilitosha. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu walichomwa moto ndani ya kanisa walimokuwa wamekimbilia, wakiwamo watoto, ambao hawakumpigia mtu yeyote. Yaliyotokea Wenatchee yalikuwa maneno makavu ya mawakili na karatasi za mahesabu, na jaji mwenye subira. Lakini mlango aliokataa kuufungua ni ule ule.

Kulikuwa na kura chache ambazo ushahidi wake ulipatikana. Watu wanne ambao hawakuwa na haki ya kupiga kura walikiri kwamba walimpigia Rossi, na mmoja kwamba alimpigia Ruth Bennett. Jaji akaziondoa. Basi kesi aliyoifungua Rossi ili apate kura ikampunguzia kura nne, na tofauti ikawa 133. Hukumu ilitolewa tarehe 6 Juni 2005. Rossi alikuwa na njia ya kwenda mahakama ya juu. Siku ile ile akatangaza kwamba haendi, na kwamba shauri limekwisha.

Miezi saba kamili ilikuwa imepita tangu watu kupiga kura. Kwa wiki kadhaa katika miezi hiyo Rossi aliitwa gavana mteule, na kila asubuhi watu walimwamkia hivyo. Kisha akarudi nyumbani akiwa raia kama wengine.

Tuna methali yetu, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali njema, ila tumeona kwamba aghalabu husemwa na aliyeshinda, na husemwa mapema mno, kabla karatasi hazijakauka wino. Hatupendi itumiwe kuwafunga watu midomo. Gregoire alikuwa ameshindwa mara mbili. Je, alikosa aliposema, hesabuni tena? Rossi aliposhindwa mara ya tatu, je, alikosa kwenda kwa jaji? Hawakukosa hata mmoja. Kudai hesabu si kukataa hesabu. Mtu aweza kudai kwa nguvu zake zote, kwa fedha zake na kwa mawakili wake, hata pale sheria inapofika mwisho, na pale akasimama. Wako na watu wasemao maneno laini siku ya matokeo, nao moyoni hawajaikubali hesabu hata baada ya miaka kumi. Hao twawajua. Wengine tunapokea Komunyo pamoja nao, na pengine tukijichunguza tutaona ni sisi.

Na Barsaba? Petro hakusema mmoja wa wale wawili hakufaa. Kanisa halikumtafutia kosa ili kushindwa kwake kueleweke. Sisi mara nyingi tukimchagua mmoja twaanza kumsema mwingine vibaya, kana kwamba ni lazima aliyeshindwa awe na doa ili dhamiri zetu zipate usingizi. Mle ghorofani waliomba kwanza wote pamoja, na Barsaba akiwamo. Akaomba dua iliyompeleka mwingine mahali pake. Na siku ya Pentekoste ilipofika, katika sura ya pili, imeandikwa kwamba wote walikuwa mahali pamoja. Hakuna neno linalosema kwamba alikuwa ameondoka. Twapenda kuamini alikuwamo chumbani, na ndimi za moto zilipogawanyika hazikuuliza nani alishinda.

Sasa tuna neno letu wenyewe la kuungama, na tungependa tusingekuwa nalo.

Miaka kadhaa iliyopita parishi moja tuliyotumika ilikuwa na uchaguzi wa wazee wa kanisa. Kura zilihesabiwa ofisini, tumeketi mkekani kwa kuwa meza ilikuwa imekopeshwa kwa arusi. Aliyechaguliwa kwa nafasi ya mwisho alimpita mwenzake kwa kura mbili. Tukatangaza kanisani, tukaimba, watu wakaenda nyumbani kula. Jumatatu asubuhi mama anayefagia ofisi alituletea karatasi tatu zilizokunjwa. Alizikuta chini ya mkeka.

Kura tatu, na tofauti ilikuwa mbili.

Tulitazamana. Mmoja wetu akasema matokeo yamekwisha kutangazwa mbele ya madhabahu, tukirudi nyuma tutalitia kanisa fitina. Mwingine akasema huenda zote tatu ni za aliyeshinda, basi hakuna lililoharibika. Hatukuzifungua. Tulizitia jikoni pamoja na makaa ya chai, na tukanywa chai hiyo. Yule mama alisimama mlangoni na ufagio wake mkononi, hakusema neno, nasi hatukumwuliza anafikiri nini.

Aliyeshindwa hakuambiwa. Aliendelea kuja kanisani, akaendelea kutoa zaka yake, akamfundisha aliyemshinda jinsi ya kuandika daftari la sadaka, kwa kuwa yeye alilijua. Amekwisha kufariki. Tulimzika sisi wenyewe, tukasema mengi mema juu yake kaburini, na zile karatasi tatu hatukuzitaja. Pengine zote hazikuwa zake. Hilo ndilo tulilojinyima kulijua, na tukamnyima na yeye. Tulisema ni kwa ajili ya amani ya kanisa. Kweli yake ni kwamba tulikuwa tumeona haya, na chakula cha mchana kilikuwa kinangoja.

Tuliposoma habari za makarani wa Kaunti ya King, ambao hawakwenda kabatini, hatukuweza kuwarushia jiwe. Tofauti iliyopo ni kwamba kura zao zilikuwa bado ndani ya bahasha, mtu akauliza, nazo zikafunguliwa. Zetu zilikwisha kuwa majivu.

Jimbo lile nalo lilijifunza kwa aibu yake. Sheria zilirekebishwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikaanzishwa orodha moja ya wapiga kura wa jimbo zima, badala ya kila kaunti kuwa na yake. Gregoire na Rossi walishindana tena mwaka 2008, na Gregoire akapata kwa wingi usiohitaji kuhesabiwa mara tatu. Tangu 2011 kaunti zote hupiga kura kwa posta. Bado karani hulinganisha sahihi na sahihi. Lakini mtu ambaye sahihi yake imetiliwa shaka hupelekewa habari, apate kuja kusema, hii ni yangu.

Katika parishi yetu uchaguzi wa Halmashauri ya Kanisa utakuwa Jumapili ya pili ya Kwaresima, mara baada ya Ibada ya pili. Wagombea ni sita kwa nafasi nne, majina yao yamebandikwa mlangoni tangu juma lililopita. Wagonjwa na wazee wasioweza kufika wataletewa karatasi nyumbani na walinzi wa kanisa, wawili wawili, wala si mmoja peke yake. Tumepatana na wagombea wote kwamba kila mmoja ataweka mtu wake wa kutazama, na kwamba hatutatangaza jambo lolote mpaka karatasi zilizotolewa, zilizotumika na zilizobaki zijumlike sawasawa na zile tulizozichapisha. Zitahesabiwa mara mbili, na watu wawili tofauti. Ikiwa tofauti itakuwa chini ya kura tano, zitahesabiwa mara ya tatu mbele ya kusanyiko, hata kama mvua inakuja na njaa inauma. Meza ya ofisi tumeikataza kukopeshwa siku hiyo. Na yule mama wa ufagio, ambaye bado yuko nasi kwa neema ya Mungu ingawa sasa anatumia fimbo, tumemwomba awe mmoja wa wahesabuji, naye amekubali, kwa sharti moja tu, kwamba mkeka uondolewe ofisini kabla ya kura ya kwanza kufunguliwa.